Msamiati wa Ziwani katika Historia ya Kiswahili: Riwaya ya Kitereza na Lugha ya Soko la Samaki la Mwanza

Historia ya msamiati wa Kiswahili imezoeleka kuelezwa kwa matabaka ya wageni waliofika kwa bahari: Kiarabu, Kireno kilicholeta meza, Kijerumani kilicholeta shule na hela, kisha Kiingereza. Maelezo hayo si potofu. Hela ilikuwa sehemu ya mia ya rupia ya Kijerumani tangu 1904. Sarafu ilikufa, neno likabaki kumaanisha fedha yoyote. Kasoro yake ni kuufanya mwambao wa Bahari ya Hindi kuwa mlango wa pekee, na bara kuwa mpokeaji tu.

Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, inaitia doa picha hiyo. Mswada wake wa Kikerewe ulikamilika Ukerewe mwaka 1945. Mwandishi mwenyewe aliufasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikauchapisha 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Usomaji ulioenea huichukulia kazi hii kama ghala la mila. Usomaji huo unaiheshimu riwaya na papo hapo unaipunja, kwani unalipita kimya suala la lugha. Kiswahili alichotakiwa kukitumia Kitereza kilikuwa kimesanifishwa, tangu Kamati ya Lugha ya 1930, juu ya msingi wa Kiunguja, lahaja ya kisiwa cha karafuu na minazi. Ulimwengu aliotaka kuusimulia ulikuwa wa migomba, pombe ya ndizi na wakwe wanaodai haki yao. Suluhisho lake linaonekana wazi zaidi katika majina. Ntulanalwo ni jina linaloishi na kifo. Bulihwali linauliza huzuni itakoma lini. Hayo ni majina ya watoto wa wazazi waliohangaika muda mrefu kupata uzao. Kuyafasiri kungeyageuza kuwa mafumbo ya kupamba. Kuyaacha kunamlazimu msomaji wa pwani ajifunze neno la ziwani, jambo ambalo kwa kawaida hudaiwa kwa msomaji wa bara peke yake.

Hata hivyo, maneno ya Kitereza kwa sehemu kubwa yamebaki kitabuni. Yaliyotembea ni ya soko. Ziwa la mswada wa 1945 halikuwa na sangara, samaki aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950 na ambaye baadaye aliangamiza furu wengi. Viwanda vya Mwanza vilipoanza kusafirisha minofu kwenda Ulaya, kilichobaki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, kilihitaji jina: mapanki. Kayabo, sangara wa chumvi, naye alipata soko lake Kongo. Hapa historia haikuleta neno tayari melini. Ilileta kitu, na watu wa mwaloni wakakipa jina.

Uzito wa jina hilo ulidhihirika mwaka 2006, filamu ya Hubert Sauper ya 2004 ilipozusha mabishano makali nchini. Kwa kiasi fulani yalikuwa mabishano ya fasili: je, mapanki ni kitoweo au ni mabaki? Kamusi itakayoyaeleza kuwa mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, ikaishia hapo, itakuwa imeandika kwa jicho la kiwanda. Mwanamke anayeyakaanga na kuyauza Mwanza ana fasili nyingine, na ndiye mwenye neno.