Mpelelezi Asiyepiga Hodi: Juu ya Siri na Faragha katika Riwaya ya Kiswahili

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuipitia riwaya ya upelelezi kwa haraka, kama mtu apitaye mbele ya duka ambalo hana haja ya kununua kitu ndani yake. Huitia katika fungu la fasihi pendwa, akataja majina mawili matatu, kisha akaendelea na kazi anazoziona kuwa nzito. Katika makala haya tunakusudia kusimama kidogo mbele ya duka hilo. Sababu yetu ni kwamba swali la nani anamtazama nani, na kwa ruhusa ya nani, limekuwa swali la kila mwenye simu mfukoni, hata hapa Kalemie. Na twaamini kwamba riwaya hizo zimetufundisha, bila sisi wenyewe kutambua, upande wa kusimama swali hilo linapoulizwa.

Tuanze na Bwana Msa. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Siri ya Sifuri (1974) na kazi zilizofuata, Muhammed Said Abdulla alimsawiri mpelelezi mvuta kiko, mtu wa mjini Unguja, asiye askari wala mtumishi wa serikali, ambaye huitwa na watu waliofikwa na jambo. Pamoja na swahibu wake Najum huingia katika nyumba za watu kwa kukaribishwa. Analotafuta mara nyingi ni jambo la ukoo: nani mtoto wa nani, mali ni ya nani, nani alinyamaza na kwa nini. Msomaji hufurahi siri inapofichuka kwa sababu amekwisha kuaminishwa kwamba siri ni uovu uliovikwa nguo. Neno lenyewe limo katika anwani ya kitabu, na mpaka ukurasa wa mwisho hatupewi nafasi ya kufikiri kwamba huenda mtu akawa na jambo asilotaka lijulikane ilhali hana hatia yoyote. Hatusemi kwamba mtunzi alikosea. Kanuni za utanzu huu zadai hivyo. Twasema tu kwamba kanuni ya utanzu, ikisomwa kwa miaka sitini, huwa ada ya mawazo.

Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kuonekana katika Kufa na Kupona (1974), ni mtu wa namna nyingine. Yeye ni mtumishi wa dola. Haitwi na jirani. Hutumwa na wakubwa wake. Adui zake ni makaburu wa Afrika Kusini na mawakala wao, na kwa kuwa adui hao walikuwa wa kweli, msomaji wa miaka ile hakuwa na haja ya kuuliza iwapo Gamba anayo haki ya kufungua barua isiyo yake au kuingia chumba kisicho chake. Ukombozi wa bara ulimpa ruhusa. Lakini ruhusa ile haikuwa na mwisho ulioandikwa popote, na hapa ndipo mhakiki angepaswa kuinua kalamu yake. Vijana wengi waliosoma Musiba katika Afrika Mashariki, na hata upande huu wa ziwa ambako vitabu hivyo vilivuka katika mizigo ya wafanyabiashara, walikua wakimpenda mpelelezi wa serikali. Sisi wa Kongo tulikuwa na sababu zaidi ya kusita. Chini ya Mobutu chombo cha usalama kiliitwa CND, yaani, ukilitafsiri jina la Kifaransa neno kwa neno, Kituo cha Taifa cha Nyaraka. Jina la mkutubi kabisa! Wazee wetu walijua ni nyaraka gani zilizohifadhiwa humo.

Mgeuko mkubwa tunauona kwa Adam Shafi. Katika Vuta N'kuvute (1999) upelelezi upo tele, lakini msomaji amehamishwa mahali pake. Inspekta Wright na Koplo Matata wanamwinda Denge katika Unguja ya ukoloni, nasi tunajificha pamoja na Denge. Tunasikia hatua za askari kutoka ndani ya nyumba. Katika Haini (2003), iliyojengwa juu ya matukio yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, hakuna tena mkoloni wa kulaumiwa: anayetazama na kukamata ni ndugu, jirani, mtu aliyesoma nawe. Mtunzi alikuwa mmoja wa waliotiwa kizuizini wakati ule, na kitabu kina ule utulivu wa mtu aliyekwisha kuliona jambo na hana haja ya kupaza sauti. Kwa maoni yetu Haini ni jibu kwa Gamba, ingawa huenda mtunzi hakukusudia jibu lolote. Swali ambalo riwaya ya upelelezi haikuuliza, yaani hali ya yule anayepelelezwa, ndilo linalojaza kurasa zake.

Hata hivyo, jambo moja linawaunganisha watunzi hawa watatu, na ndilo hasa lililotusukuma kuandika. Mpelelezi wao ni mtu. Ana jina na cheo, ana njaa, huchoka kusimama kwenye kona, hukasirika, hudanganywa. Uhuru wa Denge unategemea kwa sehemu kubwa udhaifu wa kibinadamu wa wanaomfuata. Fasihi yetu imejenga matumaini yake yote juu ya uchovu wa askari.

Sasa tazama kilichofichuliwa mwezi Julai 2021, pale muungano wa waandishi wa habari ulioongozwa na Forbidden Stories, kwa msaada wa wataalamu wa Amnesty International, ulipochapisha habari za Pegasus, programu ya kampuni ya NSO Group ya Israeli. Orodha iliyowafikia ilikuwa na nambari za simu zaidi ya 50,000, zilizodhaniwa kuwa za watu ambao wateja wa kampuni hiyo walipendezwa nao. Programu ile yaweza kuingia katika simu bila mwenyewe kubonyeza chochote. Ikisha kuingia, husoma ujumbe, hufungua kamera, husikiliza mazungumzo chumbani. Katika kanda yetu ya Maziwa Makuu, kati ya simu zilizochunguzwa na kukutwa na alama za programu hiyo ilikuwamo ya Carine Kanimba, aliyekuwa akipigania kuachiliwa kwa baba yake wa kulea, Paul Rusesabagina. Serikali ya Rwanda ilikanusha kuitumia. Koplo Matata hayupo hapa. Hakuna anayesimama kwenye kona wala anayechoka. Kidude kile kile ambacho mtu hukilaza karibu na mto wake ndicho kinachomtazama. Wahenga walisema aijuaye siri ya mtungi ni kata. Lakini kata ya wahenga, ikisha kuchota, ilirudi kuning'inia pale pale nyumbani.

Riwaya zetu zimemgusa mtazamaji wa aina hii mara chache. K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) alimsawiri P. P., ambaye nguvu zake zaonekana kila mahali na uso wake ni shida kuuona, lakini dhamira ya kazi ile ni utandawazi kwa ujumla wake, na kuitumia kwa jambo letu ni kuivuta kidogo. Anayetaka kulitungia jambo hili atakabiliwa na tatizo la fani: mhusika asiye na mwili, asiyesema, asiye na nia inayoelezeka, atasawiriwaje? Na kabla ya tatizo la fani lipo la msamiati, ambalo kwa mwanaisimu ndilo la kwanza.

Mwaka juzi shirika moja linalohudumia waliokimbia vita katika mkoa wetu lililetea darasa letu fomu, ili wanafunzi waikague tafsiri yake ya Kiswahili. Ilikuwa fomu ya kuandikisha watu: jina, majina ya wazazi, kijiji cha asili, picha, alama za vidole. Palipoandikwa kwa Kifaransa kwamba maisha binafsi ya mhusika yataheshimiwa, Kiswahili kilisema: tutachunga siri zako. Mwanafunzi aliyekuwa ameshuhudia uandikishaji alisimulia kwamba mama mmoja, aliyefika kutoka upande wa Nyunzu, aliposomewa maneno hayo alijibu, "Miye sina siri, baba," akanyoosha vidole. Kwa Kiswahili alichosomewa, jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Ameambiwa kwamba kinacholindwa ni siri, hana siri, basi hakuna cha kulinda. Mwenye siri ni mwenye jambo. Anayeilinda siri yake hujitia shaka mwenyewe, kama vile wahusika wote wanaonyamaza mbele ya Bwana Msa.

Neno faragha lipo, na ni la zamani. Asili yake ya Kiarabu ina maana ya utupu, nafasi isiyojazwa, na maana hiyo yafaa: faragha ni nafasi iliyoachwa kwa mtu, awe ana la kuficha au hana. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, yataja haki ya faragha waziwazi. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda jambo lilo hilo katika ibara ya 31, pamoja na usiri wa barua na mawasiliano ya simu; na kwa sadfa ya kupendeza ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inahusu jambo hilo hilo. Lakini mjini Kalemie ukisema faragha, wengi watakuuliza maana yake, na msomi atakujibu kwa Kifaransa. Ibara ya 142 ya Katiba yetu yaiagiza serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa katika muda wa siku 60. Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya ulinzi wa taarifa za watu, imefika mikononi mwa wanafunzi wetu kwa Kifaransa.

Matokeo ya upungufu huu wa maneno tuliyaona katika suala la RAM. Mwezi Septemba 2020 mamlaka ya mawasiliano ilianzisha Rejista ya Vifaa vya Mkononi, na mwenye simu akaanza kukatwa uniti: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na zaidi. Lengo lililotajwa lilikuwa kupambana na wizi wa simu na simu bandia. Watu walilalamika kwa haki, wabunge wakadai maelezo, na mwaka 2022 makato yakafutwa. Lakini lalamiko lote lilikuwa la fedha. Kwa Kiswahili cha sokoni tulisema "wanatuibia uniti", na kauli hiyo ilitosha kuwakusanya watu. Kwamba jambo lenyewe liliitwa rejista, kwamba kifaa cha kila mtu kilikuwa kinaandikwa mahali fulani, halikupata kauli, kwa hiyo halikupata lalamiko. Pesa tuna maneno yake.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba faragha ni jambo la Wazungu, kwamba Mwafrika huishi uani pamoja na wenzake na hana mlango wa kufunga. Hoja hii huitwa utamaduni. Nasi twaiona kuwa uvivu. Anayeitoa hajasikiliza namna Waswahili wanavyoingiana. Mtu akifika mlangoni, hata mlango ukiwa wazi, hata ukiwa ni pazia tu, hupiga hodi. Asipojibiwa hupiga ya pili na ya tatu, na asipojibiwa tena huondoka. Waislamu wanaipata amri hiyo katika Sura An-Nur, aya ya 27. Lakini katika mitaa yetu Mkristo naye hupiga hodi, na mtoto asiyepiga hukemewa. Hodi haiulizi kama aliye ndani ana siri. Haimtaki aeleze anafanya nini. Inampa tu nafasi ya kusema "karibu", au kunyamaza, na kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa jibu. Huo ni utaratibu mzima wa ridhaa, umo katika lugha kwa karne nyingi, na wataalamu wa istilahi wanaohangaika na "idhini iliyoarifiwa" na vinyago vingine vya aina hiyo hawajaugusa. Kama riwaya ya Kiswahili itapata kumsawiri mtazamaji mpya, tunadhani mlango wa kuingilia ni huu: mgeni aliye ndani tayari, ambaye hakuna aliyemsikia akipiga hodi.

Ile fomu tuliitafsiri upya darasani. Tuliondoa siri, tukaandika faragha, na chini yake tukaongeza maelezo mafupi: mambo yako yasichukuliwe wala yasipelekwe pengine pasipo wewe kukubali. Kazi ilichukua saa mbili, na nyingi ya dakika hizo zilikwenda kwa neno "kukubali". Tulipokuwa tunakusanya karatasi, mwanafunzi mmoja aliuliza kama mama yule, baada ya kusomewa tafsiri mpya, angeweza kukataa na bado akapewa unga. Tukairudia fomu ya Kifaransa kuanzia juu hadi chini. Palikuwa na mahali pa kidole gumba, tarehe na jina la mwandikishaji. Mahali pa kuandika hapana hapakuwapo.