Daka na Zidaka: Nyumba za Mawe za Mkomani, Lamu

Aghalabu wanaozisifu nyumba za mawe za Lamu hukomea mlangoni: hustaajabia nakshi za mbao, wakasahau kuingia. Mtazamo huo una kasoro. Katika mtaa wa Mkomani, ambako nyingi ni za karne ya 18, nyumba zimeshikana na kuta zilizoelekea njia hazina pambo. Pengine wikio hupita juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa. Uzuri umewekwa ndani.

Mpango wake wasomeka kwa Kiamu. Mgeni huketi dakani. Akikaribishwa, hupita tekani, ambayo humzuia aliye njiani asikione kiwanda. Kisha hufuata msana wa tini, msana wa yuu, na chumba kiitwacho ndani. Vyumba ni vyembamba, kwani upana wake hufuata urefu wa boriti. Katika ukuta wa chumba hicho cha mwisho hupangwa zidaka za chokaa. Jina hili ni udogo wa daka: neno lililompokea mgeni nje larejea, limepunguzwa, katika faragha ya wenyewe.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, kuta za kati zikibomolewa ili kupata vyumba vya kupangisha, na uso wa nje ukahifadhiwa, kitakachosalia ni ganda. Msana usiofuatwa na ndani si msana tena. Na mtoto atakayekulia humo, majina hayo atayakuta kamusini tu.