Uhakiki wa Pakiti ya Mbegu

Mtu aliyesahihisha maandalio ya masomo kwa zaidi ya miaka thelathini hawezi kusoma kitu bila kalamu nyekundu mkononi, hata pakiti ya mbegu. Hii iliyo mezani pangu niliinunua kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Mbele ina picha ya uwanda wa maua ya rangi ya chungwa, yamesongamana hata ardhi haionekani. Nyuma ina maelezo manne tu: haya ni maua ya jangwani, yanafaa bustanini na mezani, panda mvua zinapoanza, tarajia maua baada ya wiki nane. Jina la kampuni silitaji.

Picha haidanganyi. Ni nchi ya Namaqualand, kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini, na ua lenyewe wataalamu huliita Dimorphotheca sinuata. Mvua ikiwa njema, mwezi wa Agosti na Septemba nchi ile kame hubadilika rangi, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuitazama. Makosa yamo katika maneno.

Panda mvua zinapoanza. Mvua zipi? Kule mvua hunyesha wakati wa baridi, na miche hukulia katika ubaridi. Kwetu Dodoma mvua za Desemba huja na joto. Nilitii, miche ikaoza shinani. Mara ya pili nilipanda mwishoni mwa Mei, kipupwe kinapoingia, katika tuta la kichanga lisilotiwa samadi, nikamwagilia mwenyewe. (Samadi huleta majani mengi na maua machache, hilo nalo pakiti haikusema.) Mbegu zikaota, lakini baadhi tu.

Hapo jina la Kigiriki lingenisaidia kama ningelisoma mapema. Maana yake ni tunda la sura mbili. Ua moja hutoa mbegu bapa zenye mabawa, zitokazo katikati, na mbegu nyembamba ngumu zisizo na mabawa, zitokazo ukingoni. Hizi za pili huelekea kuchelewa zaidi. Ndiyo akiba ya mmea: mvua ikidanganya, ikanyesha kidogo na kukata, zilizotangulia kuota hufa, akiba ikabaki udongoni. Katika miaka ya 1940 mtaalamu Mholanzi Frits Went alichunguza maua ya jangwa la California akaona jambo linalofanana na hilo. Mbegu nyingi zilingoja mvua ya karibu milimita 25, tena iliyonyesha kutoka juu, ikaosha dawa iliyozizuia kuota. Udongo uleule ulipoloweshwa kwa chini hazikuota.

Sasa wiki nane ni ahadi ya nani? Harusi ilipokwisha nilihesabu zilizobaki kuwa zimekufa, nikalilima tuta na kupanda mchicha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, kati ya mchicha yakachomoza maua matatu. Nilisimama pale na ndoo mkononi nikikumbuka majina ya wanachuo wachache niliopendekeza warudishwe nyumbani baada ya muhula wa kwanza. Hayo yana sura yake katika kitabu hiki.

Lakini neno lililoniumiza ni lile la mezani. Maua haya hufunguka juani na kulielekea jua. Jioni, au mawingu yakitanda, hufumba. Aliyeandika pakiti hakuwahi kukaa nayo chumbani saa kumi na mbili za jioni. Kwa kukata angetupa gaillardia ya nchi kavu za Marekani, au Rhodanthe ya Australia Magharibi, ambayo maua yake ni kama karatasi. Ukiining'iniza kichwa chini ikakauka, hudumu miezi. Sisi tulikata ya kwetu Jumamosi asubuhi, yakimetameta, tukajaza bilauri ishirini. Wageni walipoingia ukumbini usiku, kila meza ilikuwa na kifungu cha vijiti. Shemeji yangu akaniuliza kwa upole kama maua yalikuwa njiani.

Binti yangu hakulalamika. Alichukua bilauri moja, akaiweka kwenye dirisha la mashariki. Jumapili, saa nne asubuhi, alinituma mdogo wake nyumbani kuniambia kwamba yamefunguka yote.