Kumngoja Shume

Shangazi yangu wa Lamu hamwiti paka. Mtaa mzima wa Langoni huita: huyu hupiga mdomo, yule husema "nyau, nyau", mwingine hugonga sahani. Yeye hukaa chini mkekani, akampa mnyama ubavu, akaendelea kushona kofia. Nilidhani ni uchovu wa uzee. Ilinichukua kusi nzima kujua kwamba nilikuwa namtazama fundi kazini.

Paka si adimu Lamu. Wamejaa soko la samaki, wamelala kwenye mabaraza, wanapita chini ya matumbo ya punda. Jack Couffer, mpiga filamu Mmarekani, aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1998, na mpaka leo wageni husema paka wetu wana sura ya wale waliochorwa makaburini Misri: shingo ndefu, miguu mirefu, mbavu za kuhesabika. Huenda. Ila njaa nayo hurefusha miguu, na mbavu sijaona haja ya kuzitafutia Farao.

Shume ninayemsimulia alikuwa wa manjano, mashavu mapana ya dume ambaye hajahasiwa, sikio moja limeraruka. Alikuwa akija usiku juu ya ukuta wa ua. Shangazi hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza: "Amewahi kuwa wa mtu, huyu?" Paka wakubwa, wao kwa wao, ni nadra kuitana kwa nyau. Mtoto humlilia mamake kwa sauti hiyo, na mkubwa huiweka kwa ajili ya binadamu. Aliyezaliwa juu ya mapaa asiguswe na mkono wa mtu mara nyingi huwa bubu mbele yetu, kwa sababu umri wa kutuzoea kwa wepesi ni mfupi mno, takriban wiki ya 2 hadi ya 7, na ukipita kazi huwa nzito. Usiku wa tatu yule wa manjano alitoa sauti moja, fupi, yenye kutu. Shangazi akaweka sindano chini. "Huyu alikuwa na kwao. Wamehama wakamwacha."

Alimlisha wiki nzima kwa saa ile ile, baada ya isha, sahani ikisogea shubiri moja kila siku kuelekea tundu la kuku, hatimaye ikaingia ndani yake. Mlango ulipoanguka alilifunika tundu kwa leso, na giza likamtuliza. Daktari wa mifugo alimhasi na kumchanja, kisha shume akaletwa kwenye chumba kidogo cha chini, penye kasha la mchanga na boksi la kujifichia. Jirani mmoja hakupendezwa. Alikuja kumkumbusha shangazi ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia. "Yule hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie," shangazi alimjibu bila kuinua macho. "Huyu leo amekula tasi mzima." Kisha akamwomba apunguze sauti, mgonjwa amelala.

Hapo ndipo kazi yenyewe huanza, na mpita njia akichungulia haoni kazi yoyote. Mama mzee ameketi, anashona. Kofia ya vito hushonwa kitundu kwa kitundu na moja yaweza kula miezi. Nadhani mkono wake ulijifunza kungoja huko kabla ya kukutana na paka. Hakumkodolea macho, maana kwa paka jicho la kukodoa ni ugomvi. Akimtazama, alifumba macho polepole na kuyafumbua polepole, mithili ya mtu anayeibwa na usingizi. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth walichapisha kwamba paka huujibu ufumbaji huo, na kwamba humsogelea kwa wepesi zaidi mgeni anayewafanyia hivyo. Nilipomsomea habari hiyo aliuliza walilipwa shilingi ngapi.

Siku ya tisa niliharibu. Shangazi alikuwa akiswali, shume ametoka kula, amenipa mgongo, nami nikaona mbona ni rahisi. Nikamshika. Alinizungukia ndani ya ngozi yake mwenyewe, meno yakazama kwenye kidole gumba. Dakika 15 bombani na sabuni, halafu sindano za kichaa cha mbwa, tarehe baada ya tarehe. Shume alikaa siku nne bila kutoka kwenye boksi mbele ya mtu. Shangazi hakunigombeza. Aliurudisha mkeka mlangoni tu, pale alipoketi siku ya kwanza, akaanza upya. Laiti angenigombeza.

Wiki ya tano aliingia na mwiko mrefu, ncha imepakwa samaki wa kuchemsha, bila chumvi na bila kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa paka. Shume alilamba. Kesho yake, alipokwisha kulamba, mwiko ulimpita shavuni mara moja ukaondoka. Jioni kwa jioni vidole vya shangazi vilishuka kwenye mti wa mwiko, mpaka usiku mmoja kilichogusa shavu hakikuwa mti. Shume aliganda. Sikio lililoraruka lililala, likasimama. Kisha akasukuma shavu kwenye kidole, na shangazi akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza: akaondoa mkono. Paka akabaki kichwa kimeinamia hewa, akitafuta. "Niondoke kabla hajachoka," alininong'oneza.

Wengine wangeishia hapo wakajipongeza. Lakini mazoea yana taabu, na paka aliyemzoea mtu mmoja angali shume kwa watu wengine wote. Nani atamchukua? Kwa hiyo shangazi akaanza kujitoa. Sahani nikapewa mimi, na kidole changu chenye kovu. Akaitwa mtoto wa jirani, akaitwa fundi wa majahazi mwenye sauti nzito, ikawashwa redio, zikaangushwa sufuria makusudi. Siku shume alipomkimbilia yule mtoto mkia umesimama wima, ambayo ndiyo salamu ya paka kwa anayempenda, shangazi alikuwa jikoni anakuna nazi. Hakutoka kuangalia.

Aliyemchukua ni mwalimu wa kike wa Shela. Alipewa masharti marefu kuliko ya ndoa: chumba kimoja kwanza, asimtoe nje kwa wiki kadhaa, asimwite. Leso iliyofunika tundu ikaingia kapuni pamoja naye, kwa ajili ya harufu, wakapanda mashua.

Baada ya miezi miwili shangazi alikwenda kumtazama. Shume alimnusa vidole, akageuka, akaenda kulala miguuni pa mwalimu. Shangazi alirudi akimsimulia hayo kila aliyemkuta barazani, kwa furaha ya mama aliyeposewa binti. Leso hakuidai. Ile ya pili ya jozi bado anajifunga akipika, na akiulizwa mwenzake iko wapi hujibu kwamba ina mwenyewe, yuko Shela.