Mizani ya haki: Uyahudi katika nyimbo za J.J. Keki

Wandugu, Uyahudi wa mtungaji wa nyimbo tunausikia wapi? Wengi watajibu haraka: anataja Sayuni, anataja Yerusalemu. Lakini hapa Lubumbashi kila korali inataja majina hayo kila siku ya Mungu. Majina peke yake hayatoshi.

Tumuchukue J.J. Keki, mkulima wa kahawa karibu na Mbale, Uganda. Yeye ni wa Abayudaya, jamaa ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, baada ya kusoma Agano la Kale na kulishika vile limeandikwa. Idi Amin aliikataza dini yao. Kisha vijana, Keki pamoja nao, wakaiinua tena kwa gita na nyimbo.

Kwenye albamu Abayudaya (Smithsonian Folkways, 2003) mambo iko wazi: zaburi kwa Kiganda, maombi kwa Kiebrania. Neno ni la Kiyahudi, sauti na mdundo ni wa kwao. Ni nzuri, lakini ni kazi ya sinagogi.

Kwangu mimi, Uyahudi wenye nguvu zaidi uko kwenye nyimbo za kahawa. Mwaka 2004 Keki aliunganisha wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika koperative Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Albamu yao, Delicious Peace, ilitoka 2013. Wanaimba: lima kahawa, ingia koperative, kaa vizuri na jirani, bei iwe ya haki.

Sasa fungua Mambo ya Walawi, sura ya 19. Mavuno iko pale, mshahara wa kibarua, jirani, mgeni, mizani ya haki. Njo programu yote ya koperative! Kwa Torati, utakatifu unaanzia shambani na sokoni. Keki ameimba hiyo, hata pale Musa hatajwi.

Kasoro iko: ukisikiliza nyimbo hizo mfululizo, mafundisho yanazidi, unajisikia sawa uko kwenye mkutano wa wakulima.

Lakini tujiulize sisi. Wanamuziki wetu wanatupa majina ya wakubwa ili walipwe. Sisi maagronome tunapelekea wakulima karatasi za Kifaransa. Na huko Kasomeno, mama anayeuza mahindi yake kwa meka iliyopanuliwa na mnunuzi, nani amemutungia wimbo?