Amana ya Sonara

Watu wengi huamini kwamba almasi, kwa kuwa hakuna jiwe la ardhini liwezalo kuikwaruza isipokuwa almasi nyingine, haihitaji ulinzi wa mtu. Na imani hiyo, ambayo ni nusu tu ya ukweli, imeharibu vito vingi mikononi mwa mafundi wenye pupa. Maana kustahimili mkwaruzo si kustahimili pigo: almasi ina njia nne ambazo ikigongwa kwazo hupasuka, kama gogo la mtarakwa wa misitu yetu ya Mau linavyofuata uzi wake mbele ya shoka, na ukingo wake mwembamba, hasa penye pembe, humeguka kwa kosa dogo la koleo.

Hayo niliyashuhudia Nakuru, dukani kwa sonara mmoja mzee, nilipofuatana na jirani yetu wa hapa Molo, mama aliyelima pareto na viazi tangu ujana wake hata makucha yaliyoshika almasi ya pete yake yakalika kwa udongo na magunia, na jiwe likachomoka. Alikuja nalo limefungwa katika ncha ya leso. Mzee hakuligusa kwa vidole. Alitandika kitambaa cheupe, akalipokea kwa kibano, akalisafisha, akalitazama kwa lenzi muda mrefu, kisha akachora daftarini umbo lake na kila doa na kila ufa alioukuta, akalipima mbele ya mwenyewe na kumwomba naye achungulie, ili siku ya kurudishiwa amana yake pasiwe na shaka wala lawama. Ndipo akalifunga peke yake katika karatasi ya mikunjo mingi, mbali na almasi nyingine, kwa kuwa mawe hayo yakiwekwa pamoja huchubuana.

Siku ya kulipachika, kazi ya moto ilikuwa imekwisha: makucha mapya yalikwisha kuungwa na kupoa jiwe likingali kabatini, kwani almasi, ambayo asili yake ni kaboni tupu, ikipatwa na moto mkali hewani huungua, uso wake ukafanya ukungu mweupe. Alichonga ndani ya kila kucha kijikalio cha kupokea ukingo, akajaribu, akalitoa, akapunguza dhahabu kidogo, akarudia, mpaka jiwe likakaa bila kulazimishwa. Kisha akayalaza makucha kwa zamu, kidogo hili, kidogo lile linaloelekeana nalo, asilimalize lolote kabla ya jenziwe. Na ule ufa mdogo aliouchora daftarini hakuukandamiza kabisa, bali aliligeuza jiwe mpaka ukaangukia baina ya makucha mawili.

Afrika Mashariki si ngeni kwa almasi. Huko Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua machimbo mwaka 1940, lilichimbuliwa mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, likatunukiwa Bintimfalme Elizabeth kwa arusi yake. Likakatwa London hata likabaki karati 23.6, na nyumba ya masonara ya Cartier ikalipachika mwaka 1953 katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mwenye machimbo twamjua, na aliyetunukiwa twamjua. Lakini ni nani miongoni mwetu aulizaye habari za mkono ulioyakaza madini kulizunguka jiwe lile bila kulidhuru?

Siku hizi pete aghalabu huja zimekwisha kutengenezwa kwa mashine, na yule apelekaye jiwe lake husimama dukani akitazama saa, akitaka apewe kabla matatu haijajaa. Fundi aharakishwaye huliacha jiwe mahali pake akaupuliza moto, kisha huichovya pete majini ingali moto, hata nyufa zilizolala zikaamka. Watoto wa masonara wamegeukia kazi nyingine, wala siwalaumu, kwani sonara bora hutambulikana kwa dhara lisilotokea, na dhara lisilotokea hakuna alipaye kwa moyo mkunjufu. Tukiendelea hivyo, vito tutakuwa navyo na dhahabu tutakuwa nayo, ila mtu wa kumwekea amana tutamkosa. Na hasara hiyo, tuliyojiletea wenyewe kwa kuziona siku chache za kungoja kuwa nyingi mno, hakuna duka litakalotufidia.