Sifa za Moshi wa Gubbio

Katika jimbo la Umbria, nchini Italia, mteremkoni mwa mlima Ingino, umejipanga mji wa Gubbio, nyumba zake za mawe ya kijivu zikipandana safu juu ya safu hata kulifikia Jumba la Makonsuli, lililoanza kujengwa mwaka 1332, ambamo zimehifadhiwa mbao saba za shaba nyeusi zenye maandishi ya lugha ya kale ya Waumbri. Wageni huja kuzitazama, au huingojea tarehe 15 Mei, watu wa mji wanapopanda mlima mbio na minara mitatu ya miti mabegani, kwa kumtukuza Mtakatifu Ubaldo, askofu wao aliyefariki mwaka 1160. Yote hayo ni fahari. Walakini adhama ya Gubbio naiona zaidi katika udongo wake uliookwa.

Bingwa wa ufinyanzi huo, Giorgio Andreoli, alikuwa mgeni kutoka pande za ziwa Maggiore, akapewa uraia mwaka 1498. Na sahani zake, zenye wekundu wa yakuti na umanjano wa dhahabu, zilisifika hata Papa Leo X akamsamehe kodi. Fauka ya hayo, vyombo vilivyokwisha kuchorwa na mafundi wa Urbino na Castel Durante vililetwa Gubbio vipate mng'aro wa mwisho.

Mng'aro huo ni zao la moshi. Chombo kilichookwa mara mbili hupakwa madini ya fedha na shaba yaliyochanganywa na udongo mwekundu, kisha hurudishwa jokoni kwa moto wa wastani. Na hapo, ilhali wafinyanzi wengine huukimbiza moshi, fundi wa mng'aro huuita, akitia vichaka ndani ya joko ili moshi uyanyang'anye madini oksijeni yake na kuacha utando mwembamba wa metali. Chombo hutoka kimefubaa, wala haking'ari mpaka kisuguliwe kwa majivu. Cipriano Piccolpasso, mwandishi wa karne ya 16, asema kwamba katika vyombo mia aghalabu hupatikana sita tu vilivyo vyema.

Na maarifa haya yalitoka mbali: yalistawi Iraki katika karne ya 9, zama za Bani Abbasi, yakahamia Misri, yakavuka hadi Malaga na Manises huko Hispania, ndipo yakafika Italia. Basi ustadi ninaousifu ni wa mtu aliyepokea elimu ya wageni, akaikamilisha kazi ya wenzake, akairidhia hukumu ya moto. Lakini wenye majoko hayo, kwa ushahidi wa Piccolpasso yuleyule, waliyaficha majumbani mwao chini ya kufuli. Na haishangazi kwamba sanaa hiyo ilififia, isifufuke Gubbio hata karne ya 19, kwani amana isiyokabidhiwa huzikwa pamoja na aliyeipokea.